Andika Programu Kabla Mahindi Hayajakauka

Mahindi ya Trans Nzoia yakianza kukauka shambani, kuanzia Oktoba hivi, karakana za Kitale na Bungoma hazilali. Mashine za kupukuchua zilizokaa kimya tangu msimu uliopita huwashwa, na siku ya kwanza tu ya kazi shafti inapinda au puli inapasuka. Mwaka mmoja alinijia mama kutoka Kiminini, ameshuka kwenye boda boda na gunia la mbolea mkononi. Ndani ya gunia mlikuwa na puli ya chuma cha kumimina, vipande viwili.

"Fundi, ningoje ama nirudi kesho?"

"Ngoja tu, mama. Siku hizi tuna mashine ya kompyuta."

Mashine yenyewe ilikata puli ile kwa dakika 22. Lakini mama alikaa kwenye benchi tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, kwa kuwa nilichora upya, nikachagua visu upya, nikatafuta kasi upya, kisha nikatoa programu ambayo kidhibiti cha mashine kiliikataa kwenye mstari wa saba. Jirani yangu mwenye leithi ya mkono angekuwa amemaliza kabla ya chakula cha mchana, na mama angekuwa amefika Kiminini na puli yake.

Siku hiyo ndiyo iliyonifundisha ninayotaka kuyaeleza hapa. Katika karakana ndogo kama zetu, muda wa CNC, ile mashine ya kompyuta, hupotelea mezani pa kompyuta. Fundi anayetaka kwenda haraka autafute huko, na autafute wakati ambapo hakuna mteja anayesubiri: Juni, Julai na Agosti, mahindi yakiwa bado mabichi.

Jambo hili ni la zamani kama CNC yenyewe. Mwaka 1952, Massachusetts Institute of Technology ilionyesha mashine ya kuchonga iliyoongozwa na utepe wa karatasi wenye matundu, wazo lililotokana na kazi ya John Parsons, mtengenezaji wa mabawa ya helikopta. Mashine ilikata vizuri. Tatizo lilikuwa kuandaa utepe, kwa sababu hesabu za kila nukta zilichukua muda mrefu kuliko ukataji, ndiyo maana miaka hiyo hiyo ya 1950 watu wakaanza kutunga lugha za kompyuta za kufanya hesabu hizo. CAM, programu ya kompyuta inayogeuza mchoro kuwa njia za kisu, ni mjukuu wa lugha hizo. Kenya nayo imekuwa na mashine hizi kwa muda: mradi wa gari la Nyayo ulioanza 1986 na kuonyeshwa Kasarani 1990 ndio uliotuzalia Numerical Machining Complex kule Nairobi. Baadaye vyuo vingi vya ufundi vikapata mashine za Kichina kupitia mradi wa serikali na kampuni ya AVIC, na tangu 2014 kampuni hiyo imekuwa ikiendesha mashindano ya Africa Tech Challenge ambapo vijana wetu hupimwa kwa kazi za karakana. Kwa hiyo mashine zipo na vijana wanaojua kuzibonyeza wapo. Kinachokosekana mara nyingi ni mazoea ya kuandaa.

Anza na daftari. Kwa wiki mbili andika kila kazi: saa ya kupokea mchoro au kipande kilichovunjika, saa ya kumaliza kuchora, saa ya kutoa programu, saa kisu kilipogusa chuma, saa ya kumaliza. Usirembe. Nilipofanya hivyo mwenyewe niliona kwamba kazi zangu nyingi zilikuwa ndugu wa damu: puli za mkanda wa B, shafti zenye njia ya ufunguo, diski za posho mili zinazobeba nyundo, bushi za shaba. Vipimo vilitofautiana, umbo lilikuwa lile lile. Na kila mara nilikuwa nikianza na karatasi tupu.

Kwa hiyo mchoro mmoja uzae michoro mingi. CAM nyingi za leo hukuruhusu kuchora kwa vipimo vyenye majina badala ya namba zilizogandishwa. Katika FreeCAD, ambayo ni ya bure na haidai leseni ya kila mwaka, kuna jedwali ndani ya faili la mchoro. Unaandika kwenye jedwali: kipenyo cha nje, idadi ya mifereji, tundu la katikati, upana wa ufunguo. Halafu unaunganisha mchoro na visanduku hivyo. Mteja akija na puli nyingine, unabadilisha namba nne, mchoro unajivuta wenyewe, na njia za kisu zinakokotolewa upya juu ya umbo jipya.

Lakini weka ndani ya jedwali hilo maarifa ya kazi, si vipimo vitupu. Chukua mfereji wa mkanda wa B, wenye upana wa milimita 17 juu. Wengi huchonga kila puli kwa pembe moja. Puli ya kipenyo cha hadi milimita 190 hutaka mfereji wa nyuzi 34. Ikizidi hapo, nyuzi 38. Sababu ni kwamba mkanda ukikunjwa kwenye puli ndogo hubanwa ndani na kuvimba kwa chini, kwa hiyo pembe yake hupungua. Ukikosea, mkanda hukaa kwa makali tu, unateleza, unanuka mpira, na mteja anarudi akisema mkanda ulikuwa feki. Umbali kati ya mfereji na mfereji ni milimita 19. Hayo yote yakikaa kwenye jedwali mara moja, hutayatafuta tena Oktoba huku watu watatu wakikuchungulia begani. Vivyo hivyo kwa shafti: ya milimita 50 huchukua ufunguo wa upana wa 14, na njia yake kwenye shafti ina kina cha 5.5. Andika jedwali la funguo kwa saizi zote unazozikuta kwenye posho mili za huku, ubandike pia ukutani.

Baada ya mchoro, maktaba ya visu. Hapa ndipo nimeona karakana nyingi zikiumia bila kujua. CAM ikifunguliwa mara ya kwanza huja na maktaba ya visu vya kiwandani Ulaya au Marekani, na fundi huchagua humo kisu kinachofanana na chake. Kasi inayopendekezwa ni ya kisu kipya cha kabaidi, kwenye mashine nzito, yenye maji ya kupoza yanayotiririka. Kisu chako ni cha HSS kilichonolewa mara tatu na sasa kina milimita 9.8. Futa maktaba ile yote. Weka visu ulivyo navyo kwenye droo tu, kila kimoja na namba yake, kipenyo ulichopima kwa maikromita, urefu unaotoka nje ya kishikio, na kasi ambayo wewe mwenyewe umeijaribu kwenye chuma chako. Maktaba ya visu 12 vya kweli inashinda ya visu 3,000 vya mtu mwingine.

Hesabu ya kuanzia ni rahisi na kila mwanafunzi ameifanya darasani. Zidisha kasi ya kukata kwa 1,000, ugawanye kwa pai mara kipenyo. Kisu cha HSS cha milimita 10 kwenye chuma laini kwa mita 25 kwa dakika hutoa mizunguko 796. Cha kabaidi kwa mita 120 hutoa 3,820. Ukizidisha mizunguko kwa idadi ya meno na kwa kiasi ambacho kila jino linakula, unapata mwendo wa kisu. Namba hizo ziandikwe ndani ya kisu chenyewe kwenye maktaba, ili ukikichagua zije nazo. Ukizijaza upya kwa kila kazi, siku moja utasahau sifuri moja.

Tukiwa kwenye visu, niseme juu ya ile njia ya kukwangua ambayo CAM mpya huisifia sana, ambapo kisu huchukua ukanda mwembamba wa pembeni lakini huzama ndani sana, kikizunguka-zunguka bila kujibana kwenye kona. Wauzaji huonyesha video za maranda ya chuma yakiruka kama mvua. Mimi niliipigia hesabu kabla ya kuiamini. Kisu cha milimita 10 chenye meno manne, mizunguko 3,820. Kwa njia ya zamani kinachonga mfereji kwa upana wake wote, kina cha milimita 3, kila jino likila milimita 0.04. Kinatoa sentimita za ujazo 18.3 kwa dakika. Kwa njia mpya kinachukua ukanda wa milimita 1 pembeni, kinazama milimita 15, kila jino likiandikiwa milimita 0.08. Kinatoa 18.3, sawasawa!

Basi faida iko wapi? Iko kwenye kisu. Njia ya zamani huchakaza milimita 3 za mwisho za ncha na kuacha ubavu mzima ukiwa mpya mpaka kisu kitupwe. Njia mpya hueneza uchakavu na joto kwenye milimita 15. Tena, kisu kikikata ukanda mwembamba hivyo, jino halili kiasi chote ulichokiandika. Kwa ukanda wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo, unene halisi wa maranda ni kama asilimia 60 tu ya namba uliyoandika, ndiyo maana 0.08 hapo huwa kama 0.05 hivi. Na kwa kuwa kila jino hupata nafasi ndefu ya kupoa, unaweza kupandisha kasi hadi mita 180 mashine ikiruhusu, na hapo ndipo unapata sentimita za ujazo 27 na zaidi kwa dakika. Kwetu, ambako kisu kizuri cha kabaidi huagizwa Nairobi na kufika kesho yake kwa basi, kisu kudumu mara mbili ni kitu kikubwa kuliko dakika. Lakini tahadhari: njia hii hutaka kisu kitoke nje ya kishikio kwa urefu wote huo, na mashine nyepesi za mafunzo hutetemeka. Ukisikia kisu kinalia, punguza kina kwanza, usipunguze mwendo.

Sasa kiolezo. Ukishamaliza kazi moja vizuri, kwa mfano diski ya posho mili ya kipenyo cha milimita 300 yenye matundu manne ya pini kwenye duara la milimita 240, usiihifadhi kama kazi tu. Ihifadhi kama kiolezo: mpangilio wa sifuri ya kazi, visu, utaratibu wa hatua, urefu salama wa kupaa. FreeCAD ina nafasi ya kuhifadhi kiolezo cha kazi, Fusion pia, Mastercam pia. Diski inayofuata yenye matundu sita unaifungua ndani ya kiolezo kile, unaelekeza hatua ya kutoboa kwenye matundu mapya, basi. Na kwa diski hii usibahatishe nafasi za matundu. Inazunguka kwa kasi kubwa ikiwa imebeba nyundo, na tundu moja likihama nusu milimita mtetemo huenda ukala beringi. Hapa CNC inampita fundi wa mkono kwa mbali, na ni kazi ambayo ningependa kila karakana ya CNC ya Bungoma iichukue kwanza, kwa sababu diski isiyolingana si hasara ya mteja tu, ni hatari kwa kijana anayesimama mbele ya posho mili akimimina mahindi.

Kipande kinachosumbua kuliko vyote ni posti. CAM hufikiri kwa lugha yake, kidhibiti cha mashine husikia lugha nyingine, na posti ndiyo mkalimani kati yao. Vidhibiti vya FANUC, Siemens na GSK vyote husoma msimbo wa G, lakini kila kimoja na lafudhi yake. Kuna kidhibiti kinachosoma kitovu cha duara kwa umbali kutoka mahali kisu kilipo, na kuna kinachoweza kupangwa kukisoma kutoka kwenye sifuri ya kazi. Programu ile ile, mashine mbili, na kwenye moja kisu kinachora duara kubwa linaloelekea kwenye jiliwa. Kwenye leithi, X kwa kawaida huandikwa kwa kipenyo. Posti ikiandika nusu kipenyo, kila kipenyo kinatoka nusu.

Wengi wetu hutibu posti kwa kurekebisha programu kwa mkono kila mara, tukifuta mstari huu na kuongeza ule. Dakika kumi kila kazi, na siku ya haraka unasahau. Tenga siku mbili za Julai kwa jambo hili peke yake. Chora kipande cha majaribio: mraba wa milimita 60, kona mbili za duara, shimo la mviringo katikati, matundu manne. Kikate kwenye mbao. Kila mstari unaolazimika kuurekebisha kwa mkono, uandike kwenye daftari, kisha nenda ukaurekebishe ndani ya posti yenyewe. Faili la posti ni maandishi ya kawaida. Hata asiyejua kuandika programu za kompyuta anaweza kubadilisha mistari ya mwanzo na ya mwisho kwa uangalifu, akiwa amehifadhi nakala ya awali. Rudia mpaka programu itoke kwenye CAM na kuingia kwenye mashine bila kuguswa. Ukifika hapo, usiruhusu mtu airekebishe programu kwenye mashine bila kurudi kurekebisha chanzo.

Ukiwa ndani ya posti, fikiria stima. Huku magharibi stima hupotea, na hupotea wakati kisu kiko katikati ya chuma. Posti nyingi huandika amri za usalama mwanzoni mwa programu tu: vipimo kwa milimita, vipimo kutoka sifuri, futa fidia zote, futa mizunguko ya kutoboa. Stima ikirudi na ukaanza katikati, mashine haikumbuki hayo. Mimi nimeipanga posti yangu iandike kila mwanzo wa kisu kwa ukamilifu:

G21 G17 G90 G40 G49 G80
kisha kisu na fidia yake ya urefu, kasi, G54, na kupaa hadi urefu salama kabla ya kusogea pembeni.

Kwa namna hiyo kila kisu ni mlango wa kuingilia. Stima ikipotea kwenye kisu cha tatu, unapeleka mashine nyumbani, unahakiki sifuri, unaanza kisu cha tatu upya. Unapoteza dakika chache badala ya kipande kizima. Na kama mashine yako haina kibadilisha visu chake, toa faili moja kwa kila kisu, uyape majina kwa mpangilio.

Hata hivyo, si kila kazi ni ya CAM. Vijana wanaotoka vyuoni wakiwa wameizoea hawapendi kuambiwa hivi. Kwenye leithi, umbo la puli ni mistari sita. Ukilipitisha kwenye CAM unaweza kupata mistari mamia, na kidhibiti chenye kumbukumbu ndogo kinaanza kulalamika. Andika kwa mkono ukitumia mzunguko wa kukwangua ulio ndani ya mashine yenyewe:

G50 S800
G96 S120 M03
G71 U1.5 R0.5
G71 P100 Q200 U0.4 W0.1 F0.25

Kati ya mstari wa 100 na wa 200 unaandika umbo la mwisho tu, na mashine inajigawia mikato yenyewe. Mfereji mmoja wa mkanda unauandika kama programu ndogo pembeni kwa vipimo vya kusogea, halafu programu kuu inaiita, inasogea milimita 19, inaiita tena. Puli ya mfereji mmoja, miwili au minne ni programu ile ile yenye wito zaidi. Mistari 25 ambayo fundi yeyote anaweza kuisoma na kuona kosa. Hakikisha tu kidhibiti chako kinataka G71 kwa mistari miwili. Baadhi ya vya zamani hutaka mmoja.

Mstari ule wa G50 usiuache kamwe. G96 huambia mashine ishike kasi moja ya kukata hata kipenyo kikipungua, kwa hiyo unapokwangua uso wa puli kutoka nje kuelekea katikati, mizunguko hupanda. Kwa mita 120, kwenye kipenyo cha 200 ni mizunguko 191. Kwenye kipenyo cha 20 ni 1,910, na inaendelea kupanda. Puli ya chuma cha kumimina, pengine yenye ufa usioonekana, ikishikwa na taya tatu kwa kasi hiyo inaweza kuchomoka au kupasuka, na mlango wa mashine si ukuta wa mawe. Kikomo cha 800 hugharimu sekunde chache za kukata. CAM nayo huacha nafasi ya kujaza kikomo hiki, na ni nafasi ambayo wengi huiruka.

CAM itumie pale inapostahili: meno ya sproketi, maumbo ya kubinuka, mifuko yenye visiwa ndani, sahani yenye matundu 40, kalibu za kumiminia. Na hapo napo punguza ukubwa wa programu. Kwa kukwangua, ruhusu CAM ikosee milimita 0.05 dhidi ya umbo. Kwa kumalizia, 0.01. Washa chaguo la kugeuza vistari vifupi kuwa mapinde. Programu inapungua sana na mashine haitetemeki kwa kusoma vistari vidogo vidogo.

Kuhusu ipi ya kutumia: kijana anayesoma Sang'alo, Kisiwa au Kitale National Polytechnic anaweza kuomba leseni ya bure ya wanafunzi ya Fusion, na ajifunzie humo bila woga. Leseni hiyo ni ya masomo. Kazi ya mteja isiingie humo. Toleo la bure la matumizi binafsi la Fusion lina kizuizi kingine kinachouma: tangu 2020 halitoi mwendo wa kasi wa kuruka hewani, kisu husafiri kwa mwendo wa kukata hata pasipo na chuma. Kwa karakana inayouza kazi, naona FreeCAD ndiyo ya kuanzia. Upande wa kuchonga inajitosheleza kwa kazi zetu nyingi. Upande wa leithi ni dhaifu, lakini nimeshasema leithi uandike kwa mkono.

Kabla ya chuma, igiza mara mbili. CAM hukuonyesha njia ya kisu kama inavyoiwaza yenyewe, kabla ya mkalimani kusema. Kwa hiyo chukua pia programu iliyotoka kwenye posti na uisome kwenye kiigizaji kinachosoma msimbo wenyewe. CAMotics ni ya bure na inatosha kwa mashine ya kuchongea ya mihimili mitatu. Chora jiliwa na vibano vyako ndani ya CAM, kwa sababu uigizaji hauwezi kukuonya juu ya kitu usichouonyesha. Halafu kwenye mashine, pandisha sifuri milimita 50 juu na uikimbize programu hewani, mkono ukiwa kwenye kitufe cha kusimamisha. Kazi mpya tu ndiyo inayohitaji haya yote. Kazi iliyotoka kwenye kiolezo kilichokwisha kuthibitishwa inahitaji kuangaliwa sifuri, kisu, na mikato ya kwanza mstari kwa mstari, na hapo ndipo saa zako za Julai zinapolipa.

Majina ya faili yawe na maana. Faili linaloitwa "puli mpya ya mwisho 2" halitapatikana na mtu yeyote mwaka ujao. Andika aina, mifereji, kipenyo, tundu: puliB-2-180-40. Ndani ya programu, mstari wa kwanza wa maelezo useme kishikio gani kilitumika, sifuri iko wapi, na visu gani viko wapi. Ukiugua wiki moja, kijana wako aweze kuendelea bila kukupigia simu.

Mama wa Kiminini alirudi msimu uliofuata na puli nyingine, ya tundu tofauti. Nilibadilisha namba mbili, nikashika kazi kwenye taya, nikakata. Hakukaa benchi saa nzima.

Fundi mwenzangu, mavuno hayakusubiri wala hayatakusubiri. Fungua daftari la mwaka jana uone kazi iliyokuja mara nyingi zaidi, moja tu, na uiandalie mchoro, visu, kiolezo na posti kabla ya Septemba kuisha. Ikishakaa sawa, ihifadhi kwenye flashi mbili, na moja iwe nyumbani.